Dawa za Marehemu

Matanga ya mume wangu yalipokwisha, shangazi yake aliingia chumbani nilimokuwa nimekaa akaniambia nifunge nguo zangu.

"Kesho tunaenda Musoma," alisema. "Utakaa na mimi, utanisaidia dukani."

Nikafunga. Angeniambia nipande lori la kwenda Sirari nikaishi mpakani, ningepanda vilevile. Pale Butiama watu walikuwa wameanza kunisema kwamba sikulia. Wanawake walikuja kutoka vijiji vya jirani, wakajiangusha uani, wakaimba mpaka sauti zikakauka, na mimi niliyefiwa nikakaa juu ya mkeka nikiangalia jinsi ulivyosukwa. Sikuwa najizuia. Machozi hayakuwepo tu. Mume wangu alikuwa ameumwa muda mrefu, kifua, kisha tumbo, kisha kila kitu, na siku zile ugonjwa ule ulikuwa hautajwi; watu walisema "ameugua sana" halafu wakanyamaza. Nadhani nilimaliza kumlilia kabla hajafa, au sikuwahi kuanza. Mpaka leo sijui.

Hatukuwa tumejaliwa mtoto, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kunishika pale. Mama mkwe wangu alinisindikiza mpaka barabarani. Lori lilipokuja alimwambia shangazi, si mimi, "Haya, mchukue."

Shangazi alikuwa mtu wa Nyegina kwa ndoa. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye chumba cha dawa cha hospitali, na alipostaafu akafungua duka la dawa baridi Nyasho, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya mtu binafsi ilipofunguliwa. Kila mwenye chumba kinachotazama njia alikuwa anafungua duka la kitu fulani. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, na miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja. Wateja walimwita Mama Dawa. Mimi nilimwita shangazi, kama mume wangu alivyokuwa akimwita.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa chupa.

Ile miaka ya dhiki, kabla ya ruksa, sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ilikuwa ya bahati, na hospitalini dawa ya maji ilikuwepo kwenye madumu lakini chupa hazikuwepo. Mgonjwa alikuja na chupa yake: ya bia, ya soda, ya mafuta ya nywele, yoyote. Asiye na chupa alirudi nyumbani kuitafuta. Vidonge vilifungwa kwenye karatasi za madaftari ya shule, na ulikuwa unaweza kukuta hesabu za mtoto wa watu nyuma ya klorokwini yako. Shangazi alitoka na tabia ile hospitalini akaihamishia dukani. Wakati maduka mengine yalikuwa yameshaanza kufunga kila kitu kwenye mifuko ya nailoni iliyotoka Kenya, na chupa tupu zikawa zinalala kwenye mitaro ya Nyasho mpaka mvua izisukume ziwani, yeye bado alikuwa anamwambia mteja, "Ukimaliza, chupa uniletee." Wengine walicheka. Wengine walileta.

Nilizisugua kwa majivu na mchanga, nikazichemsha kwenye sufuria kubwa nyuma ya nyumba, nikazipanga kichwa chini juu ya kichanja. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu wa aina yangu. Mikono ilifanya, kichwa hakikuulizwa chochote. Maji ya moto yaliniunguza mara kadhaa nikayaona malengelenge baadaye, jioni, kama ni ya mtu mwingine. Shangazi aliyapaka dawa ya zambarau bila kunigombeza.

Siku moja mchana aliingia mvuvi mmoja kutoka vijiji vya rasini, mtu mzima, amevaa koti la mitumba juu ya kaptura. Aliweka mfuko wa kitambaa juu ya meza.

"Nimeleta dawa," alisema.

"Unaleta au unanunua?" shangazi aliuliza.

"Naleta. Zilikuwa za mke wangu. Tumemzika wiki iliyopita. Sasa hazina mtu."

Shangazi aliufungua mfuko. Mlikuwa na rangi mbili nyingi, zile kapsuli ambazo watu walikuwa wakizimeza kwa kila ugonjwa, vidonge vya njano vilivyoshikana kwa unyevu, chupa za dawa ya kifua zilizofika nusu. Mvuvi alisema alitaka kuzitupa majini akiwa kwenye mtumbwi, halafu akaona haya.

"Kwa nini uone haya?" shangazi aliuliza.

"Tunakunywaga yale maji."

Shangazi akafunga ule mfuko, akampa pole ya msiba, akamwambia amefanya vizuri. Mvuvi alisimama kama anasubiri kuambiwa kitu kingine, halafu akaondoka.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Shangazi alikuwa ameshawahi kuona watoto pale dampo wakicheza duka kwa kapsuli, mmoja muuzaji, mwingine mgonjwa, na mgonjwa anameza kweli. Hakuwa amelisema kwa mtu. Jumapili ile baada ya misa aliwasimamisha wanawake nje ya kanisa akawaambia kwamba mwenye dawa za marehemu nyumbani azilete kwake, na mwenye dawa zilizopita muda azilete pia. Asitupe chooni, kwa sababu visima vya Nyasho viko karibu na vyoo. Asitupe mtaroni, kwa sababu mtaro unaenda ziwani na bomba linanywa ziwani. Asimpe jirani anayeumwa, kwa sababu jirani haumwi kile alichoumwa marehemu.

Zilikuja. Miaka ile kulikuwa na vifo vingi, na kila nyumba iliyokuwa na mgonjwa ilikuwa imenunua chochote kilichosemekana kinasaidia. Zilikuja kwenye makopo ya kahawa, kwenye vibuyu, kwenye soksi. Wengine walikuwa wanalia wakizitoa. Mimi nilipokea, nikatenganisha vidonge na chupa, nikaweka kwenye maboksi. Mwanamke mmoja aliuliza, "Huyu binti hana moyo?" Shangazi akamjibu, "Ana kazi."

Kijana mmoja aliyekuwa na duka la dawa karibu na stendi alisikia habari hizo akaja. Alikuwa mtanashati, anapaka mafuta ya kunukia, anaongea na kila mtu kama mteja.

"Mama, nasikia unakusanya," alisema. "Zile ambazo bado nzima unazifanyia nini?"

"Nazichoma."

"Unachoma rangi mbili nzima? Watu hawana dawa, Mama. Nipe mimi nizisafishe, niziweke kwenye kopo jipya. Hata kukulipa nakulipa."

"Nitazichoma."

"Sasa hiyo si dhambi?"

"Zimekaa chini ya kitanda cha mgonjwa kwenye jasho na mvua," shangazi alisema. "Wewe hujui zimeharibika vipi, na mimi sijui, niliyefanya kazi hii kabla hujazaliwa. Kama unataka kuuza, nunua mpya."

Kijana alicheka, akaniangalia mimi kama anayeomba msaada. Nikaendelea kutenganisha vidonge. Akaondoka.

Kuchoma kwenyewe kulitushinda mwanzoni. Tulijaribu uani, kwenye pipa. Moshi ulitoka mweusi na mzito, jirani akatoka na watoto wake wakikohoa, chupa moja ikapasuka ikarusha vipande mpaka kwenye kichanja changu. Vidonge vya chini havikuungua, viliyeyuka tu vikawa kama lami. Shangazi alisimama mbele ya pipa lile na kijiti mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui. Bwana afya wa kata alishauri tuchimbe shimo. Tukachimba, na kabla hatujafika kiunoni maji yakaanza kuchuruzika. Shangazi akasema tulifukie.

Maboksi yakajaa chumba nilichokuwa nalala. Nilizoea kulala nayo. Yalikuwa na harufu tamu na chungu kwa pamoja, na asubuhi nilikuwa nayo mdomoni.

Suluhisho lilitoka Bunda. Huko, sehemu za Manyamanyama, kulikuwa na mzee mmoja mfyatua matofali ambaye zamani aliwahi kulazwa hospitali ya Musoma, shangazi akimpa dawa zake kila asubuhi, na alipokuwa mjini alipita kusalimia. Shangazi alimweleza shida yake, mzee akasema, "Tanuri langu linawaka siku kadhaa mfululizo. Katikati pale hata chuma kinalainika. Leteni."

Shangazi alimuuliza anachomea nini. Alisema kuni, na mabua ya pamba wakati wa mavuno. Shangazi akanuna kwa ajili ya kuni, maana miti ya upande ule ilikuwa imeshapungua sana, akamwambia tutaleta nyakati za mabua. Mzee akacheka. "Mama, wewe unataka kuchoma sumu na bado unahurumia mti." Lakini alikubali.

Basi tukaenda tulipopata lori la mzigo. Shangazi alikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya maboksi. Tanuri lilikuwa nje ya makazi, kwenye uwanja wa udongo mwekundu, limejengwa kwa matofali yenyewe na kukandikwa tope, na chini lina vinywa vya moto. Mzee aliangalia upepo unakoelekea, akasubiri ugeuke upande wa mashamba yaliyovunwa, ndipo akaturuhusu. Alikuwa na koleo refu la chuma. Mimi nilimpa vifurushi vya karatasi, yeye akavisukuma ndani kabisa. Moto uligeuka kijani kidogo, halafu njano, halafu ukarudi ulivyokuwa. Hakukuwa na moshi wa kutisha. Chupa tulirudi nazo, zikaingia kwenye sufuria yangu, isipokuwa zile ambazo shangazi hakuziamini. Hizo alizivunjavunja mwenyewe, mzee akachanganya vipande kwenye zege la msingi wa nyumba yake.

Ilikuwa baada ya safari ya pili au ya tatu ndipo shangazi aliponiambia, tukiwa tunakula ugali wa udaga wa muhogo na dagaa, "Kule Butiama nako zipo."

Nilijua anasema nini.

"Wewe ndiye utakayeziendea," alisema. "Mimi mama yake hataniachia. Tuna maneno ya zamani."

Nilikwenda. Mama mkwe alikuwa anaanua mtama. Alinikaribisha kiti, akaniletea maji ya kunywa, akauliza habari za Musoma. Alikuwa amepungua. Nilimweleza nilichofuata, kwa heshima, nikitazama chini kama inavyotakiwa. Aliendelea kupepeta.

"Nimezitumia nyingine," alisema.

"Umezitumia wapi, Mama?"

"Ndama aliharisha. Nilimfungulia zile za rangi mbili nikachanganya na maji. Alikufa. Na mimi magoti yakiniuma nakunywaga za njano."

"Zinakusaidia?"

"Naota ndoto mbaya."

Nilimwambia aache kuzinywa. Nilimwambia shangazi amesema zikizeeka zinakuwa kitu kingine, zinaweza kuharibu figo. Niliyasema kama nilivyokuwa nayasema dukani, sauti ileile. Akaweka ungo chini.

"Unaongea kama karani," alisema. "Umekuja nyumbani kwa mume wako unaongea kama karani. Hukulia. Watu wote waliona. Nilidhani labda utalia baadaye, peke yako, nikawa namuuliza kila anayetoka Musoma, je, amelia? Wanasema anaosha chupa."

"Ndiyo, Mama."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, naosha chupa."

Sikuwa namjibu vibaya. Ndilo jibu nililokuwa nalo. Alinitazama usoni, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akitafuta kitu, na nadhani aliona kwamba hakikuwepo cha kuficha. Akaingia ndani. Alirudi na debe la mafuta ya kula lililokatwa juu, limefunikwa kwa shati la mwanawe, lile la mistari alilokuwa akivaa kanisani.

"Hizi si dawa," alisema. "Hizi ni siku zake. Kila alipomeza moja nilisema, leo atakaa. Zilizobaki ni zile ambazo hakuzifikia."

Nilipokea kwa mikono miwili. Shati alilishika. Nikamwambia abaki nalo, akasema alikuwa hana nia ya kunipa. Kisha akaniuliza kama nimekula, nikasema bado, akasonga ugali. Tulikula na maziwa ya mgando, wawili. Jua lilipopungua ukali alinisindikiza mpaka barabarani akakaa na mimi mpaka gari likapatikana.

Nilipitiliza hadi Bunda na debe lile, sikulipeleka Musoma. Mzee wa matofali alikuwa ametia moto siku ileile. Nilifungua vifurushi mwenyewe, nikaona mwandiko wangu juu ya baadhi ya karatasi, asubuhi, mchana, jioni, maana mimi ndiye niliyekuwa nampa. Nikampa mzee kimoja kimoja. Nilisimama karibu na kinywa cha tanuri mpaka uso ukaanza kuniuma. Nilidhani sasa ndipo kitatokea kitu. Nilikipa nafasi.

"Sogea, binti," mzee alisema. "Nguo itashika."

Nikasogea. Akanipa maji, nikanywa, nikamshukuru, nikapanda gari la Musoma.

Yule kijana wa karibu na stendi alirudi dukani kwetu masika yaliyofuata. Safari hii hakuwa amepaka mafuta. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa akasubiri wateja waishe. Paa lake lilikuwa limevuja, maboksi ya dawa ya kikohozi yakalowa, na mengine yalikuwa yamepita muda tangu zamani. Aliogopa wakaguzi, kwa hiyo alizimwaga mtaroni nyuma ya duka, chupa moja baada ya nyingine. Dawa ile ilikuwa tamu, nyekundu. Watoto wa mtaa walizikuta chupa wakazilamba, wakaweka maji ndani wakatikisa wakanywa. Mmoja, mtoto wa fundi baiskeli, alilala usingizi wakashindwa kumwamsha. Walimpeleka hospitali. Aliamka kesho yake, akaomba uji.

"Baba yake alinifuata na spana," kijana alisema. "Sikukimbia. Ningekimbilia wapi?"

"Alikupiga?" shangazi aliuliza.

"Alinyanyua. Halafu akakaa chini akalia. Mama, afadhali angenipiga."

Shangazi hakumwambia, "Nilikwambia." Aliuliza zimebaki kiasi gani, kijana akasema nyingi, stoo nzima. Shangazi akamwambia atafute gari, mabua ya pamba hayajafika lakini hili halingoji.

Tukaenda watatu. Kijana alibeba maboksi yote peke yake kutoka barabarani hadi kwenye tanuri, mara ngapi sijui, matope mpaka magotini, na shati lake jeupe likaharibika. Dawa ya maji ilikuwa ngumu kuchoma. Mzee alituambia tuimimine kwenye pumba na machicha ya pamba mpaka inyonywe, tukae tunakanda kama unga. Tulikanda mchana kutwa. Nyuki walikuja kwa ajili ya utamu wake. Kijana aliumwa mdomoni, ukavimba upande mmoja, na bado akawa anaendelea kuongea, akilalamika na kuomba msamaha kwa mdomo ule uliopinda. Nilisikia sauti nikageuka kuangalia ni ya nani. Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimecheka. Kidogo tu, halafu ikapita, nikaendelea kukanda.

Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa anatutafutia gari. Alianza kupokea chupa pia, ingawa alisahau mara nyingi.

Shangazi alipooza upande mmoja miaka michache baadaye, tukamhamishia Nyegina kwa watoto wake wa kambo, na huko akafariki wakati wa kiangazi. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine. Mama mkwe alikuja kutoka Butiama, licha ya maneno yao ya zamani, akakaa kando yangu. Sikulia hapo pia. Mwanamke mmoja wa ukoo alianza kuninong'ona, mama mkwe akamkata, "Mwacheni. Ndivyo alivyo." Kisha akanipa kikombe cha chai yake, kwa sababu yangu ilikuwa imepoa.

Duka lilibaki kwangu. Mzee wa Manyamanyama aliacha matofali mgongo ulipomchosha, na mwanawe hakutaka kusikia habari za dawa, alisema zinaharibu rangi ya tofali. Kwa muda sikuwa na pa kuchomea, maboksi yakarudi chumbani. Baadaye hospitali ilijenga tanuri lake la taka, nikaenda kuomba, wakanizungusha, mwishowe wakaniruhusu nilete mara mojamoja ikiwa nitakuja na mafuta ya taa yangu. Nikawa nakwenda nayo, dumu mkono mmoja, boksi kichwani, nikipita njia ya chini iliyo karibu na ziwa. Wanawake walikuwa wanafua pale, wengine wanachota maji ya kunywa. Nilisalimia, wakaitikia, nikapita.